Laptopu, kompyuta na vioo vyake mjini Kolwezi: wateja wanaomba nini, na nani anawasikia

Kobalti inatoka Kolwezi ndani ya mifuko mikubwa, juu ya malori. Inapita Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, inafika bandarini Durban ao Dar es Salaam, na toka pale sehemu kubwa inapanda meli kwenda kusafishwa Uchina. Kisha inaingia katika batri. Miaka inapita, na ile batri inarudi kwa njia ya Kasumbalesa, safari hii ikiwa ndani ya laptopu ya okazioni yenye kuuzwa sokoni. Wakati huo mara nyingi imekwisha kuchoka: mashini inawaka dakika kumi na tano, halafu inazima.

Hapo ndipo malalamiko mengi ya wateja wa Lualaba yanaanza. Mteja wa Kolwezi si mgeni katika biashara ya kompyuta. Udongo wa jimbo lake ni sehemu ya mashini yenyewe, maana Kongo inatoa zaidi ya asilimia 60 ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Lakini kwa yule mtu anayechora laptopu kule Marekani, Uchina ao Taiwani, mteja huyu haonekani. Amenunua mashini iliyokwisha kutumiwa na mtu mmoja ao wawili mbele yake. Hana fakture ya kiwanda, hana garanti, na hakuna anayemuuliza ameridhika ao hapana.

Maombi yanayorudi kila mara

La kwanza ni batri. Laptopu nyingi zinatumia batri ya litiamu yenye kobalti, aina iliyofikiriwa Oxford mwaka 1980 na kundi la John Goodenough, na kuanza kuuzwa na Sony mwaka 1991. Magari ya umeme mengi yameanza kutumia batri zisizo na kobalti, lakini laptopu inahitaji kitu kidogo chenye nguvu nyingi, kwa hiyo kobalti imebaki. Batri ya namna hii inachoka kadiri inavyochajiwa. Baada ya kujaa na kuisha mara 300 mpaka 500 hivi, nguvu yake inapungua wazi, na joto linaharakisha jambo hilo. Zamani batri ilitoka nyuma ya mashini kwa kusukuma vidole viwili tu. Miaka ya 2010 viwanda vilitaka mashini nyembamba, vikaificha batri ndani, pengine kwa gundi. Memori nayo ikagandishwa kwenye kadi, hata mtu mwenye pesa ya kuongeza hawezi. Mteja wa Kolwezi anaomba kitu rahisi: turudishieni ile batri ya kutoa kwa mkono.

La pili ni umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa miaka ya 1950 kwenye mto Lualaba, hayako mbali na mji, lakini migodi inakula sehemu kubwa ya nguvu ya eneo hili, na nyumbani delestaji ni jambo la kila mara. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ya mezani na kioo chake vinakufa papo hapo, pamoja na ile kazi isiyohifadhiwa. Hii njo sababu watu wengi wanachagua laptopu hata kama ni ya zamani kuliko kompyuta ya mezani ya bei ileile. Tena laptopu inakula kidogo, wati 30 mpaka 60 hivi, wakati kompyuta ya mezani na kioo chake zinaweza kupita 100. Kwa mwenye grupu ao paneli ya jua, tofauti hiyo ni mafuta, ni pesa.

Chaja ya laptopu kwa kawaida inakubali volti 100 mpaka 240. Kwa hiyo umeme ukishuka inavumilia. Kinachoua ni ule mshtuko umeme unaporudi kwa nguvu. Mafundi wanawaambia wateja wachomoe kila kitu wakati wa delestaji, na wangoje dakika chache umeme utulie mbele ya kuchomeka tena. Onduleri inasaidia kompyuta ya mezani, lakini nayo ina batri yake yenye kuchoka.

Vumbi ni ombi la tatu. Wakati wa kiangazi, malori yanapopita katika barabara za udongo, vumbi linaingia kila mahali. Feni ya laptopu inalivuta ndani, linashikana kama blanketi juu ya chuma cha kupooza, mashini inapata moto, inakuwa polepole, inajizima. Mteja anafikiri ni virusi. Kumbe ni udongo. Ombi hapa ni kifuniko cha chini chenye kufunguka kwa bisibisi ya kawaida, ili feni isafishwe mara mbili tatu kwa mwaka bila kuvunja plastiki.

Klavye ina shida ya namna yake. Shule na ofisi za Kongo zinafuata Kifaransa, na watu wamejifunza kuandika kwenye AZERTY. Mashini za okazioni zinatoka Uingereza, Marekani ao Dubai na QWERTY, pengine za Ujerumani na QWERTZ. Fundi anaweza kubadilisha lugha ya klavye ndani ya programu kwa dakika moja, lakini herufi zilizochapwa juu ya vidude zinabaki zilezile, ndiyo maana unaona stika zimebandikwa. Anayeandika Kiswahili tu hana taabu, maana Kiswahili hakina alama juu ya herufi. Anayeandika ripoti ya ofisi anatafuta é na ç kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hata Wafaransa wenyewe walilalamika: mwaka 2016 wizara yao ya utamaduni ilisema klavye zinazouzwa haziwezeshi watu kuandika Kifaransa vizuri, na mwaka 2019 shirika la AFNOR likatoa kanuni mpya ya klavye.

Vioo havina maneno mengi. Laptopu za bei ya chini zina mwanga mdogo, niti 220 ao 250, na ukikaa nje chini ya mwembe unajiona mwenyewe tu. Kioo chenye niti 400, kisichong'aa kama kioo cha kujitazamia, kinasomeka vizuri zaidi. Kwa vioo vya mezani, taabu ni tundu za waya: vya zamani vina VGA, mashini mpya zina HDMI ao USB-C peke yake, na mtu analazimika kununua adapta.

Wakati wateja waliposikilizwa

Kuna mfano unaojulikana. Mwezi wa pili mwaka 2007 kampuni ya Dell ilifungua IdeaStorm, mahali ambapo mteja yeyote aliweza kuandika pendekezo lake na wengine kulipigia kura. Ombi la kuuza mashini zenye Linux likapanda juu sana. Mwezi wa tano mwaka uleule Dell ikaanza kuuza, kule Marekani, kompyuta zenye Ubuntu. Mbele ya hapo kidogo, mwezi wa nne, ilikuwa imerudisha Windows XP kwa wateja waliokataa Vista.

Mfano wa pili unahusu vumbi, na ungefurahisha fundi yeyote wa Kolwezi. Mwaka 2015 Apple ilitoa klavye nyembamba sana. Punje ndogo ikiingia chini, herufi inakwama ao inajiandika mara mbili. Wateja wakalalamika, wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kutengeneza klavye hizo bure, mwisho wa 2019 ikaanza kuacha muundo ule, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi. Mwaka 2021 ilirudisha pia tundu ya HDMI na ya kadi ya picha iliyokuwa imeondoa katika laptopu zake kubwa.

Katika mifano yote miwili wateja walikuwa wengi, walisema pahali pamoja, walikuwa na fakture mkononi. Mnunuzi wa okazioni hana hata kimoja.

Njia ya tatu ni kujifanyia wenyewe. Mwaka 2004, kule Tanzania, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yote kwa Kiswahili. Hawakungoja kampuni iwakumbuke. Kweli, maneno yake ni ya Kiswahili cha Dar, na mkaaji wa Kolwezi aliyezoea Kifaransa atasimama mara nyingi kujiuliza hili ni nini. Lakini njia iko wazi, maana programu ya namna hiyo inaruhusu mtu yeyote kuibadilisha.

Linux yenyewe imekuwa na maana mpya. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashini nyingi za mbele ya 2018 hazikubaliwi na Windows 11. Ofisi za Ulaya na Marekani zinaziondoa, na mashini za namna hiyo njo zinazokuja huku kwa bei nzuri. Anayenunua ajue mapema: ama atabaki na Windows isiyolindwa tena, ama atamwomba fundi aweke Linux.

Sheria ya mbali, mashini ya hapa

Ombi la batri limeanza kujibiwa, lakini Brussels. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya batri inayosema kwamba, kuanzia tarehe 18 mwezi wa pili 2027, batri ya kifaa cha kubeba iwe ya kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa mwenyewe, isipokuwa vifaa vichache vilivyotajwa. Sheria nyingine inalazimisha laptopu mpya kukubali chaja ya USB-C kuanzia tarehe 28 mwezi wa nne 2026. Kampuni ndogo ya Framework ya Marekani ilitangulia: toka 2021 inauza laptopu ambayo mteja anaifungua mwenyewe na kubadilisha batri, kioo, klavye na hata tundu za waya. Kwa kuwa ofisi zinatumia mashini miaka mitatu mpaka mitano mbele ya kuiuza, matunda ya sheria hizi yatafika kwenye meza za Kolwezi kuelekea mwanzo wa miaka ya 2030.

Lakini kuna ombi lingine la wateja wa mbali ambalo linagusa Lualaba kwa namna kali zaidi. Mwezi wa kwanza 2016, Amnesty International na Afrewatch walitoa ripoti juu ya watoto na wachimbaji wa mikono katika kobalti. Wateja wa Ulaya na Marekani wakauliza: batri yangu imetoka wapi? Mwaka 2017 Apple ikasema imesimamisha kwa muda kununua kobalti iliyochimbwa kwa mikono Kongo. Mwaka 2023 ikatangaza kwamba ifikapo 2025 batri inazochora yenyewe zitatumia kobalti iliyorudishwa kutoka vifaa vya zamani peke yake. Kwa mteja wa California hayo ni maendeleo. Kwa mchimbaji wa Kasulo, ambaye kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wake mwaka 2014, maana yake inaweza kuwa mnunuzi mmoja kapungua, na maisha hayajabadilika.

Jibu ambalo wengi Kolwezi wangependa ni uchimbaji uliopangwa: mashimo yasiyobomoka, kofia, uzio wa kuzuia watoto, bei ya haki. Ulijaribiwa Mutoshi, ukasimama 2020 wakati wa Covid. Serikali iliunda kampuni ya EGC mwaka 2019 ili inunue kobalti yote ya wachimbaji wadogo, lakini kazi yake imekwenda polepole. Ombi la «msinunue» linatimizwa kwa barua moja. «Nunueni vizuri» linahitaji pesa na miaka.

Mbele ya kulipa

Kwa anayenunua leo, batri ndiyo ya kupimwa kwanza. Katika Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Mashini inatoa ripoti yenye namba mbili: nguvu ambayo batri ilizaliwa nayo, na ile inayoweza kubeba sasa. Ikiwa ilizaliwa na 50.000 na sasa inabeba 22.000, imebaki chini ya nusu, na bei inapaswa kushuka kufuatana na hiyo. Muuzaji akikataa kufungua ripoti, chomoa chaja na uache video itembee dakika ishirini mkiongea mambo mengine.

Chaja iwe na volti zilezile zilizoandikwa chini ya laptopu, na wati zisizopungua. Zima na uwashe mbele yake: ikiomba neno la siri la kampuni fulani ya Ulaya, iache. Omba karatasi yenye namba ya mashini na siku za kurudisha, hata kama ni saba.

Gusa pia kisahani cha kuongozea kidole chini ya klavye. Kikiwa kimeinuka ao hakibonyei, batri imevimba. Batri ya namna hiyo haitobolewi, haichajiwi tena, wala haichomwi pamoja na takataka za nyumbani, maana inaweza kulipuka moto. Fundi aitoe, na iwekwe ndani ya kopo yenye mchanga mkavu, mbali na watoto, mpaka apatikane mtu wa kuipokea.