Mwamuzi wa Ngoma na Mwamuzi wa Sinema

Neno "tuzo" ni la zamani katika lugha yetu. Latokana na kitenzi kutuza, yaani kumpa mcheza ngoma au mwimbaji zawadi mbele ya watu kwa kuwa amewafurahisha. Ndani ya neno hilo mna pande tatu: yupo msanii atuzwaye, yupo mwenye kutuza, na ipo hadhira ishuhudiayo. Siku hizi neno hili tumelipeleka mbali. Twalitumia hata kwa sherehe za filamu zifanyikazo Marekani na kuonyeshwa kwa televisheni duniani kote, Bariadi ikiwamo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mpenzi wa sinema wa Mkoa wa Simiyu alivyofikia kuitazama sherehe hiyo, na kuuliza swali moja: katika pande hizo tatu, yeye amewekwa upande gani?

Tuzo za filamu zilizo mashuhuri kupita zote ni zile ziitwazo Oscar, zitolewazo na Akademia ya Sanaa na Sayansi za Sinema ya Marekani. Zilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli moja ya Hollywood, baada ya karamu, na kazi yote ya kuzikabidhi ilichukua kama dakika 15 tu. Mwaka 1953 sherehe ilianza kuonyeshwa kwa televisheni, na tangu hapo yenyewe ikawa mchezo wa kutazamwa, wenye mavazi, machozi, hotuba za shukrani na bahasha ifunguliwayo huku watu wakingoja kwa shauku. Sanamu wanayopewa washindi ina urefu wa sentimita 34 hivi na uzito wa kilo 3.8 hivi. Wapigao kura ni wanachama wa Akademia, watu wa kazi hiyo: waongozaji, waigizaji, wapiga picha, wahariri na wengineo. Mtazamaji hana kura. Tena, kwa kuwa jioni ya Los Angeles ni usiku wa manane au alfajiri kwetu, mpenzi wa sinema wa Bariadi atakaye kuiona sherehe wakati ule ule inapofanyika hana budi kukesha au kudamka kabla ya majogoo.

Kudamka huko ni jambo la juzi. Sinema iliingia vijijini mwetu ikiwa chombo cha serikali ya kikoloni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, zilitengenezwa filamu za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya na kuweka akiba, zikazungushwa kwa gari katika nchi za Afrika Mashariki na Kati. Mtazamaji alihesabiwa kuwa mwanafunzi. Hakuhesabiwa kuwa mwamuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watu wetu walianza kujiona katika filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Baada ya Uhuru, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa Taifa, na mwaka 1968 ikaanzishwa Kampuni ya Filamu ya Tanzania. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini Bara ilichelewa hadi mwaka 1994. Hivyo mtu wa Bariadi aliyezaliwa mwaka wa Uhuru alikuwa amekwisha kutimiza miaka 30 na zaidi kabla ya kituo chochote cha televisheni kurusha matangazo Tanzania Bara. Wengi hawakuanza na televisheni ya nyumbani, bali na mabanda ya video, ambako jenereta lilinguruma nje na mfasiri akaieleza filamu ya kigeni kwa Kiswahili, akiongeza utani wake mwenyewe.

Hata hivyo, kabla watu wa sehemu hizo hawajaiona sherehe, nchi iliyo jirani nao ilikuwa imekwisha kutuzwa ndani yake. Tarehe 4 Aprili 1960, tuzo ya filamu ndefu ya kumbukumbu ilipewa filamu ya Kijerumani, Serengeti darf nicht sterben, maana yake "Serengeti haipasi kufa". Mtengenezaji wake alikuwa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Yeye na mwanawe Michael waliruka kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia, wakiwahesabu wanyama kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka, akazikwa Ngorongoro.

Twaitaja filamu hiyo kwa sababu mbuga za Serengeti zinapakana na nchi ambayo leo ni Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, nao una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Hapo kabla sehemu yake kubwa ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Filamu ya Grzimek ilifanya kazi kubwa. Iliieneza sifa ya Serengeti duniani, na juhudi za kuhifadhi wanyama zikapata marafiki. Lakini Grzimek alishikilia kwamba hifadhi ya taifa haipasi kukaliwa na watu, hata wakiwa wenyeji. Katika mwaka ule ule wa 1959 mipaka ilibadilishwa, Ngorongoro ikatengwa, na Wamasai wakaondoka katika nyanda za Serengeti. Waliotoa tuzo waliiona nchi kwa jicho la aliyekuwa angani. Mkulima na mfugaji waliokaa pembezoni mwa mbuga hawakuulizwa kama filamu imesema kweli, wala hawakuwa na chombo cha kuonea jinsi ilivyoshangiliwa.

Je, watu hao hawakujua kuamua sanaa? Walijua sana. Wasukuma wana mashindano ya ngoma ya vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, ambavyo simulizi husema vilianzishwa na wapinzani wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, hasa kati ya Juni na Agosti, makundi mawili hukutana katika uwanja mmoja na kucheza wakati mmoja. Kila kundi lina kiongozi wake, aitwaye ningi, ambaye hutunga nyimbo na kubuni mambo ya kuwashangaza watu. Wapo hata wachezao na chatu. Watazamaji hawaketi vitini. Wanakwenda upande unaowavutia, wanarudi, wanahama tena. Na kundi lililovuta umati mkubwa zaidi ndilo mshindi. Hakuna bahasha. Mwamuzi anapiga kura kwa miguu yake, mbele ya macho ya wote, na msanii huiona hukumu yake ikitembea.

Hatusemi kwamba namna hii haina kasoro. Umati huweza kuvutwa na kelele kuliko utungo, na mshindi hulaumiwa kwamba ameshinda kwa dawa za mvuto. Nao wanachama wa Akademia wana ujuzi ambao umati hauna: wanaweza kupima uzuri wa sauti, mwanga au uhariri, kazi ambazo mtazamaji wa kawaida hazioni ingawa zinamgusa. Mwanafunzi anayetazama sherehe ile kwa makini hujifunza kwamba filamu ni kazi ya mikono mingi. Lakini ujuzi haumwondolei mwamuzi upendeleo. Mwaka 1940 Hattie McDaniel alikuwa Mwamerika Mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo, na usiku ule ule aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake weupe. Mkono uliompa sanamu haukumpa kiti.

Basi furaha iliyoonekana katika Afrika Mashariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 2014 ilikuwa na sababu. Saa hizo, Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alitunukiwa Oscar kwa kuigiza mtumwa Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave. Watazamaji wa pande zote za Ziwa walimwona mtu wa kwao jukwaani, nao wakafurahi kwa haki. Lakini filamu ile ilikuwa ya nje. Filamu za Tanzania nazo zimegonga mlango huo: Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilipelekwa mwaka 2001, na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ikapelekwa mwaka 2022. Zote mbili hazikufika katika orodha ya mwisho. Je, kwa hiyo ni filamu duni? Atakayejibu "ndiyo" kabla ya kuzitazama amekwisha kuyatoa macho yake rehani.

Mfano wa pili twaupata karibu zaidi. Steven Kanumba, mwigizaji aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, alifariki tarehe 7 Aprili 2012, na maelfu ya watu wakajitokeza Dar es Salaam kumzika. Hakuna bahasha iliyofunguliwa siku ile. Watu waliondoka majumbani mwao, wakaenda upande wa yule aliyewavuta, kama watendavyo watazamaji wa Bagika na Bagalu uwanjani. Ilikuwa hukumu ya umati, nayo ilitolewa kwa miguu.

Taifa letu sasa lina majukwaa yake. Tamasha la filamu la Zanzibar limekuwa likitoa tuzo ya Jahazi la Dhahabu tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita, na mwaka 2021 Bodi ya Filamu Tanzania ilianzisha tuzo za filamu za kitaifa. Hayo ni mema, lakini hayatoshi ikiwa watazamaji wenyewe hawakufundishwa kuamua. Twapendekeza kwa walimu jambo jepesi. Waonyesheni wanafunzi filamu mbili, moja ya kigeni na moja ya Kitanzania. Kisha waambieni wasimame, kila mmoja aende upande wa ile anayoiona bora, na kabla ya kuketi aeleze kwa hoja: imesema kweli juu ya nani, imemwacha nani nje, na imeitumiaje sanaa yake? Aliyeshawishika na hoja ya mwenzake aruhusiwe kuhama.

Mwanafunzi aliyezoezwa hivyo anaweza kuitazama sherehe ya Hollywood bila dharau na bila unyonge. Atafurahi pamoja na washindi, atajifunza kwao, naye hatasahau kwamba kwao pia upo uwanja, na miguu ya kuamulia anayo.