Kukata mti mtaani: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuwasha msumeno

MITI mingi iliyopandwa miongo kadhaa iliyopita katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, imeshinda nyumba kwa urefu, ilhali nafasi inayoizunguka imezidi kupungua. Palipokuwa na uwanja mpana Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, au Buruburu, uliojengwa kuanzia miaka ya 1970, leo pana kuta, vibanda vya biashara, nyaya za umeme na magari yaliyoegeshwa.

Kwa sababu hiyo, kukata mti mtaani ni kazi tofauti kabisa na kukata mti msituni. Msituni, mti huangushwa mzima. Mtaani, aghalabu hushushwa vipande vipande kutoka juu. Mwenye nyumba asiyeitambua tofauti hii huishia kumwajiri yeyote mwenye msumeno na bei nafuu, na hapo ndipo maisha ya watu huwekwa hatarini.

Je, ni lazima ukatwe?

Swali la kwanza ni iwapo mti wenyewe unahitaji kuondolewa. Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mti mkubwa ulio karibu na nyumba hufyonza maji ya udongo huo na huweza kuchangia nyufa ukutani. Hata hivyo, si kila ufa husababishwa na mti, na mara nyingi kupunguza matawi mazito hutosha.

Dalili za hatari ni shina lenye uwazi ndani, uyoga unaoota penye mizizi, mti ulioanza kuinama ghafla, na udongo ulioinuka upande mmoja wa shina. Mkaratusi na mgrevilea huhitaji uangalifu zaidi, kwani matawi yake huweza kuvunjika bila kutoa ishara. Ukaguzi hufaa kufanywa kabla ya mvua za masika za Machi hadi Mei na zile za vuli za Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa udongo uliolowa haushiki mizizi barabara.

Kibali na umeme

Mti kuwa ndani ya ua wa mtu hakumpi ruhusa ya kuukata apendavyo. Kibali hutafutwa kwanza katika idara ya mazingira ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Mpangaji, hasa katika nyumba za kaunti, hana mamlaka ya kuamua peke yake. Katika mitaa yenye koti, majirani wote wa koti hiyo wanapaswa kuarifiwa mapema ili waondoe magari na kuwazuia watoto ndani.

Penye nyaya za umeme, kazi haianzi kabla ya kampuni ya Kenya Power kujulishwa, na ikibidi, umeme kuzimwa. Nyaya za usambazaji jijini huweza kubeba volti 11,000. Tawi bichi lina maji, hivyo hupitisha umeme, na mtu huweza kufa bila hata kuugusa waya kwa mkono wake. Ngazi ya chuma haifai kamwe mahali kama hapo.

Kumchagua fundi

Bei ndogo si kigezo cha kutosha. Mwenye nyumba anapaswa kumuuliza fundi maswali haya: Ana wasaidizi wangapi? Ana kamba na mikanda ya kupandia? Atakishusha vipi kipande kilicho juu ya paa? Wafanyakazi wake wana bima?

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 humtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka uo huo humtwika wajibu wa kuwalinda. Kijana anayelipwa kwa siku ili apande mti bila mkanda hana cha kumsaidia akianguka, na mzigo wa matibabu huishia kwa jamaa zake au kuzua mzozo na mwenye nyumba. Makubaliano hufaa kuandikwa, yakieleza malipo, nani atalipia uharibifu, nani atachukua magogo, na nani atazoa matawi. Iwapo magogo au mbao zitasafirishwa kwa gari, ni vyema kuulizia kibali cha usafirishaji kutoka kwa Shirika la Huduma za Misitu (KFS).

Msumeno na mavazi

Msumeno wa injini, ambao wengi huuita pawaso, huzungusha mnyororo wenye meno kwa kasi inayoweza kupita mita 20 kwa sekunde. Misumeno mingi ya kisasa hutumia mchanganyiko wa sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili maalumu, yaani mililita 100 za oili katika lita tano za petroli, ingawa maagizo ya mtengenezaji ndiyo yanayofuatwa. Mnyororo nao una oili yake katika tangi la pekee. Injini huzimwa na kuachwa ipoe kabla ya kuongezwa mafuta, na huwashwa umbali wa mita tatu hivi kutoka hapo.

Makali ya mnyororo hujulikana kwa kinachotoka. Mnyororo mkali hutoa vibanzi, na uliodugika hutoa unga. Fundi anayeusukuma msumeno kwa nguvu kwenye mti anatumia mnyororo butu, na hali hiyo ni hatari. Meno hunolewa kwa tupa ya mviringo yenye kipimo kinacholingana na mnyororo, kila jino likipigwa idadi sawa ya mara.

Ajali mbaya hutokea sehemu ya juu ya ncha ya bamba inapogusa mti, kwani msumeno huruka ghafla na kumrudia anayeushika. Kinga yake ni breki ya mnyororo inayofanya kazi, kuushika msumeno kwa mikono miwili, na kutoukatia juu ya mabega.

Fundi anapaswa kuvaa helmeti yenye kinga ya uso, vizibo vya masikio, glavu, buti ngumu na suruali maalumu ya kuzuia mnyororo. Kanuni za kelele kazini za 2005 nchini Kenya haziruhusu mfanyakazi kukabiliwa na wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane, ilhali pawaso hupita 100. Kandambili na kofia ya kitambaa si mavazi ya kazi hii.

Kuushusha mti

Mti ukiangushwa mzima, watazamaji hukaa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake. Mti wa mita 15 huhitaji mita 30 pande zote, nafasi isiyopatikana kwa urahisi katika koti za Buruburu au Umoja.

Nafasi ikiwepo, fundi hukata kwanza pengo la kabari upande mti utakakoangukia, kina chake kikiwa takriban robo ya kipenyo cha shina. Kisha hukata upande wa nyuma, akiacha ukanda wa mti usiokatwa ufanye kazi ya bawaba. Kwa shina la sentimita 50, bawaba hiyo huwa na unene wa sentimita tano hivi. Akiikata yote, mti huanguka utakako wenyewe. Njia ya kukimbilia huandaliwa mapema, kwa kuelekea nyuma na kando.

Nafasi isipokuwepo, mpandaji hujifunga kwa mkanda na kamba mbili, na kila tawi hufungwa kamba inayozungushwa kwenye shina na kushikiliwa na mtu aliye chini. Tawi hukatwa kidogo upande wa chini kabla ya kukatwa kutoka juu, ili lisichane shina. Kipande kibichi cha urefu wa mita moja na kipenyo cha sentimita 50 huweza kukaribia kilo 200, zaidi ya magunia mawili ya mahindi. Uzito huo ukianguka juu ya bati, hakuna kinachousimamisha. Hakuna anayeruhusiwa kupita chini wakati kazi inaendelea, wala fundi hafanyi kazi hii peke yake.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Katika kazi hii, ajali nyingi zina kinga, nayo hupatikana kabla ya injini kuwashwa: kibali, umeme uliozimwa, kamba imara na mtu anayejua kuitumia. Upepo ukivuma au mvua ikianza kunyesha, kazi husitishwa, hata kama imebaki nusu ya shina.