Ngui, Gitaa na Nchi: Roger Whittaker na Kakai Kilonzo mbele ya Hadhira ya Kitui na Makueni

Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili nchini Kenya imezoea kuandikwa kwa kufuata njia mbili. Ya kwanza huanzia katika hati za tenzi za Pate, Lamu na Mombasa, ikashuka hadi kwa washairi wa karne ya 20. Ya pili huanzia shuleni, katika riwaya na tamthilia zilizochapishwa, zikafundishwa na kutahiniwa. Njia zote mbili humpita kando mtunzi wa nyimbo za gitaa, hasa yule aliyetoka bara na ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Akitajwa, hutajwa kama mburudishaji. Maneno yake hayahesabiwi kuwa utunzi.

Makala haya yanawatazama watunzi wawili ambao maisha yao yalipakana kijiografia bila ya kukutana kisanaa. Wa kwanza ni Roger Whittaker (1936–2023), mwimbaji wa Kiingereza aliyezaliwa Nairobi na kupata umaarufu Ulaya na Marekani. Wa pili ni Kakai Kilonzo (1954–1987), Mkamba aliyeiongoza bendi ya Kilimambogo Brothers. Wazazi wa Whittaker waliishi katika shamba karibu na Thika. Na anayesimama Thika huuona mlima Kilimambogo upande wa mashariki, katika ukingo wa Ukambani. Mlima huo ndio ulioipa bendi ya Kakai jina lake. Mmoja alitunga wimbo ambao Wakenya wengi wanaukumbuka kama sifa ya nchi yao. Mwingine alitunga nyimbo ambazo Wakenya wa makabila mengi walizicheza, lakini zimebaki nje ya historia ya fasihi. Swali ni hili: mtunzi wa nyimbo huwa mtunzi wa nchi kwa lipi?

Kipimo kitakachotumiwa hapa kimetoka katika jadi ya nyimbo ya Wakamba, ambayo hadhira ya Kitui na Makueni iliirithi kabla ya gitaa kufika.

Ngui na duara lake

Katika jadi ya Wakamba, wathi ni wimbo na ngoma kwa pamoja, na anayeutunga na kuuongoza huitwa ngui. Paul Kavyu, katika utangulizi wake wa muziki wa Wakamba uliochapishwa mwaka 1977, na Mwikali Kieti pamoja na Peter Coughlin katika kitabu chao cha mwaka 1990, wameonyesha jinsi fasihi simulizi ya watu hao ilivyofungamana na uhakiki wa jamii. Zipo nyimbo ambazo kazi yake hasa ni kumsema mkosaji: mchoyo, mzinifu, kiongozi dhalimu, mume asiyejali nyumba yake.

Jambo la msingi kwa uchunguzi huu ni kwamba ngui huimba mbele ya wale wale anaowasema. Hana jukwaa linalomtenga nao. Waitikiaji wanaweza kukubali kiitikio au kukiacha kianguke. Anayesemwa anaweza kurudi siku nyingine na wimbo wake mwenyewe. Kwa hiyo utunzi wa ngui una sharti la uwajibikaji: anasema kwa lugha ambayo anayesemwa anaielewa, mahali ambapo anaweza kujibiwa. Duara la ngoma ni zaidi ya mahali pa kuchezea. Ni baraza.

Gitaa lilipoingia Ukambani halikuufuta utaratibu huo. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi, na vita vya pili vya dunia viliwapeleka baadhi yao hadi Burma. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kuipasua nchi ya Makueni, ikipitia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Kitui, ng'ambo ya mto Athi, ilibaki bila reli, na vijana wake walikwenda kuitafuta kazi mjini kwa njia nyingine. Askari na vibarua hao walirudi na ala mpya na mitindo mipya. Benga, iliyoanzia Nyanza, ilipofika kwa wapigaji wa Ukambani katika miaka ya 1970, iliongezewa gitaa la pili lenye sauti nyembamba, linalozunguka bila kukoma chini ya gitaa kuu. Lakini katika maneno, ngui alibaki ngui. Ushahidi mmoja ni wimbo Katelina wa Kalambya Sisters, uliovuma katika miaka ya 1980: kisa cha mwanamke anayependa pombe ya kienyeji na anayepata mimba mwaka hadi mwaka. Ni wimbo wa Kikamba, wenye kicheko na aibu ndani yake, na ulipendwa hata na wasioielewa lugha hiyo.

Mwana wa Thika

Roger Whittaker alizaliwa Nairobi tarehe 22 Machi 1936. Wazazi wake, Edward na Viola, walitoka Staffordshire, Uingereza, walikokuwa na duka la vyakula. Baba aliumia katika ajali ya pikipiki na familia ikahamia Kenya kutafuta hali ya hewa yenye joto. Baba alipiga fidla, na babu alikuwa akiimba katika vilabu. Inasimuliwa kuwa gitaa la kwanza la mtoto huyo, alipokuwa na umri wa miaka 7, lilitengenezwa na Mwitaliano aliyekuwa mfungwa wa vita. Alisoma katika shule ya Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, iliyokuwa wakati huo ya wavulana wa Kizungu. Baada ya hapo alitumikia miaka miwili katika Kenya Regiment wakati wa Hali ya Hatari, akapigana dhidi ya Mau Mau katika msitu wa Nyandarua.

Mwaka 1956 alikwenda Chuo Kikuu cha Cape Town kusomea udaktari, akaacha baada ya mwaka mmoja na nusu, akarudi Kenya kuwa mwalimu. Mwaka 1959 alihamia Bangor, Wales, alikosomea zoolojia, baiokemia na elimu ya viumbe vya baharini. Huko ndiko alikoanza kurekodi, kwanza kwa sahani nyembamba zilizosambazwa pamoja na gazeti la wanafunzi. Sahani yake ya kwanza ya kibiashara ilitolewa na Fontana mwaka 1962. Durham Town ilimtangaza Uingereza mwaka 1969. The Last Farewell, uliorekodiwa mwaka 1971, ulitulia kwa miaka kadhaa kabla ya kupanda katika orodha za Marekani na Uingereza mwaka 1975.

Historia ya wimbo huo wa mwisho inafaa kutazamwa kwa jicho la ngui. Whittaker aliwaalika wasikilizaji wa redio ya Uingereza wampelekee maneno, naye akayatilia muziki yale aliyoyachagua. Maneno ya The Last Farewell yaliandikwa na Ron Webster, mfua fedha wa Birmingham. Yaani, wimbo uliompa mtunzi huyu jina duniani ulitokana na hadhira iliyomjibu. Duara lake lilikuwapo, nalo lilikuwa Uingereza. Baadaye alilipanua hadi Ujerumani, akarekodi nyimbo nyingi kwa Kijerumani ingawa lugha hiyo hakuimudu, akiyatamka maneno kwa kufuata sauti zake. Hapakosekani funzo katika jambo hilo: palipokuwa na sikio alilolitaka, mwimbaji aliifuata lugha ya sikio hilo.

My Land Is Kenya ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati aliporejea Kenya kutengeneza filamu ya safari yake ya kimuziki. Ni wimbo wa sifa. Unaitaja nchi kwa mandhari yake, kutoka nyanda za juu hadi baharini, na unasimama juu ya kimilikishi kimoja, "yangu". Si haki kukifanyia dhihaka kimilikishi hicho. Mtu aliyezaliwa mahali, akajifunza kuimba hapo, ana dai la kweli juu ya mahali hapo. Na dai la Whittaker lililipiwa kwa damu pia. Mwaka 1989 wezi waliivamia nyumba ya wazazi wake Nairobi, wakamuua baba yake na kumtesa mama yake. Mama alirudi Uingereza.

Hata hivyo, mhakiki analazimika kuuliza nani anayesemeshwa. Wimbo huo ulitungwa kwa Kiingereza, na wimbo wa sifa ya mandhari kwa kawaida humhitaji msikilizaji aliye mbali, anayeonyeshwa asichokiona. Mkulima wa Mbooni au wa Mulango hahitaji kuelezwa kwamba nchi ina milima. Anahitaji kuelezwa ni nani mwenye milima hiyo. Kimilikishi kilichoimbwa na aliyekuwa askari wa Kenya Regiment kilikuwa ndicho hasa kilichopiganiwa msituni katika miaka ya 1950. Wimbo haukuyagusa hayo, wala haukuwa na haja ya kuyagusa, kwa sababu duara lake halikuwa na mtu wa kuuliza. Wakenya walipoupenda, nao waliupenda kwa dhati, waliupenda kama wageni wa karamu iliyoandaliwa kwa ajili ya mwingine.

Mtunzi wa Kilimambogo

Kakai Kilonzo alianza kwa Kikamba, na katika Kikamba alikuwa na wapinzani wakubwa, wakiwemo Peter Mwambi na Kyanganga Boys na kundi la Kalambya. Kilichomtenga nao ni uamuzi wa kutunga pia kwa Kiswahili. Kwa uamuzi huo alipata wasikilizaji ambao bendi nyingine za Ukambani hazikuwafikia. Sababu za kibiashara zilikuwapo. Sauti ya Kenya iligawa matangazo yake kati ya Idhaa ya Taifa ya Kiswahili, Idhaa ya Kiingereza na saa chache za lugha za mama. Wimbo wa Kikamba uliishia katika saa hizo chache, ilhali wimbo wa Kiswahili ulipewa nchi nzima.

Lakini faida haielezi kila kitu. Majina ya nyimbo zake, kama vile Baba Mkwe na Mama Sofi, yanatoa kidokezo cha namna alivyoitumia lugha. Ni majina ya kuitana. Mtunzi hasifu nchi, hataji mlima. Anasemesha mtu mwenye cheo cha kijamaa, ambaye kwa mila anapaswa kusikiliza na kujibu. Hii ndiyo hulka ya ngui, iliyohamishwa kutoka Kikamba hadi Kiswahili pasipo kupoteza sharti lake. Duara limepanuka, baraza limebaki.

Ikumbukwe pia wakati. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa. Nyimbo za Kiswahili za Kakai zilikuwa zimekwisha kuzagaa kabla ya hapo. Kwa msikilizaji wa kijijini Kitui ambaye hakuwahi kuiona riwaya ya Kiswahili, sahani ya santuri kutoka River Road ilikuwa matini ya Kiswahili iliyomfikia bila mwalimu. Kakai alifariki mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, wakati kanda za wizi zilipokuwa zikilibomoa soko la santuri lililomlea.

Suala la historia ya fasihi

Mjadala mrefu juu ya nini hasa ni fasihi ya Kiswahili, ya Waswahili tu au ya yeyote anayetunga kwa Kiswahili, umewagawa wataalamu tangu miaka ya 1970. Wengi wa upande wa pili hutoa mifano yao kutoka vitabuni. Kakai ni mfano ulio wazi zaidi kuliko mingi yao, lakini hatolewi.

Ukambani wenyewe una kielelezo cha jinsi kutengwa kwa namna hii kunavyoweza kuondolewa. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, alianzisha Comb Books mwaka 1972 na kuchapisha vitabu vidogo vilivyouzwa kwa wingi. Vikapigwa marufuku Tanzania mwaka 1976, wahakiki wakavibeza, kisha wakavisoma. Alipotoa Without Kiinua Mgongo mwaka 1989, kwa mchanganyiko wa Kiingereza na Kiswahili, tayari alikuwa mada ya semina. Maillu aliokolewa na karatasi. Kitabu kinaweza kukataliwa leo na kukutwa maktabani kesho. Santuri haikuwa na maktaba ya kungojea, na vyuo vikuu havikuwa na kabati lake.

Hapa ndipo tofauti ya watunzi wawili inapokuwa nzito. Whittaker aliacha tawasifu ya mwaka 1986, filamu, na kampuni za kuhifadhi kila alichokirekodi. Alipofariki nchini Ufaransa mwezi Septemba 2023, maisha yake yaliweza kuelezwa mwaka kwa mwaka. Maisha ya Kakai hujulikana kwa mistari michache iliyokusanywa zaidi na wapenzi wa muziki wa nje. Albamu zake za miaka ya 1980 zilitolewa upya na wachapishaji wa Ulaya kabla chuo chochote cha Kenya hakijayaandika maneno yake kwa ukamilifu.

Hitimisho

Kwa kipimo cha ngui, mtunzi huwa wa nchi pale nchi inapoweza kumjibu. Whittaker aliipenda Kenya na kuiimba kwa uzuri, lakini aliyemjibu alikuwa Birmingham. Kakai hakuiimba Kenya kwa jina ili aitwe mwimbaji wake. Aliichagua lugha ambayo baba mkwe wa Makueni na baba mkwe wa Kakamega wangeweza kumkasirikia kwayo. Huo ni uamuzi wa kifasihi, na wahakiki wa Kiswahili hawana hoja ya kuuacha nje.

Kazi iliyobaki ni ya mikono. Wapo Kitui na Makueni wazee waliozicheza nyimbo hizo zilipotoka, na wanaoweza kueleza tungo gani ilimsema nani. Redio za Kikamba, kama Musyi FM, zimeurithi muziki, lakini redio hurusha, haihariri. Kuyanakili maneno, kuyalinganisha katika Kikamba na Kiswahili, na kuyaandikia maelezo, ni wajibu wa idara za Kiswahili. Nao una muda wake, kwa kuwa waitikiaji wa duara lile wanapungua.