Tufani Katika Nchi Kavu: Maafa ya Mwakata ya Mwaka 2015 na Swali la Nyumba

Utangulizi

Katika kuandika historia ya Kanisa na jamii zetu tumezoea kutaja vita, njaa na magonjwa ya kuambukiza. Habari za upepo na mvua ya mawe hazipati nafasi kubwa. Sababu yake yaeleweka: njaa hudumu miezi, bali dhoruba hupita kwa muda mfupi, na ikiisha kupita watu hurudi shambani. Hata hivyo, muda mfupi huo waweza kuacha kijiji kizima kikiomboleza, na maombolezo hayo huzaa maswali ambayo mchungaji hawezi kuyakwepa.

Katika makala hii tunakusudia kuyatazama maafa yaliyolipata eneo la Mwakata, Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, usiku wa tarehe 3 Machi 2015. Hoja yetu ni moja. Wengi wa waliokufa usiku ule waliuawa na kuta za nyumba zao wenyewe, zilizowaangukia wakiwa wamelala. Tukilikubali jambo hili, hatuna budi kuyabadili maswali yetu baada ya maafa.

Kimbunga cha pwani

Yafaa tuanze kwa kutofautisha mambo mawili ambayo wananchi huyaita kwa jina moja la kimbunga. Kimbunga hasa huzaliwa juu ya bahari yenye joto, huzunguka kama gurudumu, na husafiri siku kadhaa kabla ya kugonga nchi kavu. Pwani yetu imekipata mara chache, lakini kila mara kimeacha alama. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Merikebu za Sultani Barghash zilivunjika bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa iling'olewa. Mwaka 1952 Lindi ilipigwa. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kutoa tahadhari kwa siku kadhaa.

Habari ya mwaka 1872 ina funzo linalotuhusu. Upepo ulipotulia, wenye mashamba wa Unguja walihitaji kupanda upya, na mikarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Pemba, ambayo haikuharibiwa kwa kiasi hicho, ilinufaika na kupanda kwa bei ya karafuu, na mashamba yake yakapanuliwa. Kazi ya mashamba hayo ilikuwa kazi ya watumwa. Hivyo kimbunga kilidhihirisha msingi ambao utajiri wa visiwa ulisimama juu yake. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 1873, Sultani alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, naye wakati huo hakuwa na merikebu za kumtegemeza. Hatusemi kwamba upepo uliwakomboa watumwa. Mkataba ule ulitokana na shinikizo la Uingereza lililoanza miaka mingi nyuma. Tunasema tu kwamba dhoruba huiondoa paa la jamii, na waliopo nje huona yaliyomo ndani. Kwa kipimo hicho tunakwenda Mwakata.

Dhoruba ya bara

Shinyanga iko mbali na bahari kwa mamia ya kilomita, tena iko karibu na Ikweta, mahali ambapo vimbunga vya bahari havijengeki. Dhoruba ya huko ni ya namna nyingine. Hewa yenye joto na unyevu hupanda juu kwa nguvu, ikibeba matone ya maji hadi kwenye baridi kali. Huko matone huganda, hushuka, hupandishwa tena, na kila mara huongezeka unene, mpaka yanakuwa mazito kupita uwezo wa hewa kuyabeba. Ndipo mawe ya barafu huanguka, pamoja na upepo baridi unaoporomoka kutoka wingu lile na kutawanyika juu ya nchi.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Mkazi wa Mafia aliweza kusikia habari za Hidaya redioni, akafunga chombo chake, akahamia kwa ndugu. Mkazi wa Mwakata hana siku tatu. Pengine ana dakika chache, tena usiku. Mahali pasipo na muda wa kukimbia, nyumba ndiyo kinga pekee. Nyumba ikishindwa, hakuna kinga ya pili.

Usiku wa Mwakata

Mvua ilianza usiku, watu wakiwa majumbani. Mawe makubwa yalianguka pamoja na upepo mkali. Mahindi na pamba vililazwa chini, mifugo ikafa, nyumba kwa mamia zikabomoka. Taarifa za kwanza zilitaja vifo 38. Baadaye idadi ilipita 40. Wako waliopotea pamoja na jamaa zao wote, baba, mama na watoto katika chumba kimoja. Watu wapatao 3,500 walitajwa kuwa wameathirika. Majeruhi walipelekwa hospitali ya Kahama, na waliosalia walipewa hifadhi ya muda, chakula, mablanketi na mahema. Rais Jakaya Kikwete aliwatembelea waathirika mwezi huo huo.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa magazetini. Lakini mwanahistoria hapaswi kuishia hapo. Hana budi kuuliza: ukuta ule ulijengwaje hata ukaanguka?

Historia ya ukuta

Wasukuma wa zamani walijenga nyumba ya msonge: duara, fito zilizofungwa kwa kamba na kukandikwa udongo, na paa la nyasi. Nyumba hiyo ilikuwa na udhaifu wake, kwa maana iliungua upesi na kuliwa na mchwa. Lakini duara haina pembe za kushikwa na upepo, na fito zilizosukwa pamoja hazianguki kama tofali moja moja. Katika karne ya 20 nyumba ya pembe nne ikachukua nafasi yake polepole. Operesheni Vijiji ilipofika Shinyanga mwaka 1974, watu wengi walilazimika kujenga upya kwa haraka, kwa safu, kandokando ya barabara.

Kifaa kilichopatikana kwa urahisi kilikuwa tofali bichi, yaani udongo uliofyatuliwa na kukaushwa juani. Tofali hilo ni jema likiwa kavu. Likilowa hurudi kuwa tope. Nyumba isiyo na msingi wa mawe hunywa maji kutoka chini. Paa fupi huacha mvua ipige ukuta. Na bati lililopigiliwa juu ya miti myepesi liking'olewa na upepo, maji huingia kutoka juu, na ukuta hubaki bila kitu cha kuushika kichwani. Hapo huanguka wote kwa mara moja. Nyumba hiyo hiyo ikiwa na msingi wa mawe, linta inayozunguka kuta zote, na kenchi iliyofungwa kwa waya, huenda ikapoteza mabati yake na kuwaacha wenyeji hai.

Kwa nini basi watu hawachomi matofali? Kuchoma kwahitaji kuni, na Shinyanga ni nchi iliyopungukiwa miti. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu mingi ili kuangamiza mbung'o; baadaye kilimo cha pamba na wingi wa ng'ombe vikaendeleza kazi hiyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha miti mahali pengi kwa njia ya ngitili, yaani malisho yanayohifadhiwa kwa desturi ya wenyeji. Hata hivyo, mwenye nyumba bado yuko kati ya mambo mawili: akikata mti apate tofali imara, anauondoa mti ambao ungempunguzia nguvu ya upepo.

Hatuwezi pia kunyamaza juu ya dhahabu. Mwakata imo katika Halmashauri ya Msalala, na katika halmashauri hiyo hiyo uko mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Mgodi wa Geita ulikuwa umeanza mwaka 2000. Katika ukanda huo wachimbaji wadogo hulala katika vibanda vya miti na maturubai, visivyoweza kusimama mbele ya dhoruba. Hatukusudii kumhukumu mtu wala kampuni. Twaeleza tu yaliyoonekana paa lilipoondoka: nchi inayotoa dhahabu kutoka chini ya ardhi, na juu ya ardhi hiyo mtoto anauawa na tofali lisilochomwa.

Swali la nani aliyekosa

Baada ya maafa watu huuliza, "Nani amefanya hivi?" Katika Usukuma wa zamani swali hilo lilikuwa na mlango wake: mtemi na waganga wa mvua walitazamiwa kuileta mvua kwa kiasi, na walilaumiwa ilipozidi au kupungua. Utawala wa machifu ulifutwa baada ya Uhuru, lakini swali halikufutwa pamoja nao. Lilihamia kwa jirani, na mara nyingi kwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu kwa ajili ya moshi wa kuni. Mkoa wa Shinyanga umejulikana kwa huzuni kwa mauaji ya wazee wanaotuhumiwa uchawi. Basi jibu lisilofaa baada ya dhoruba laweza kuongeza maiti nyingine.

Wala mimbari haina usalama katika jambo hili. Mhubiri akisema kwamba waliokufa waliadhibiwa kwa dhambi zao, amejibu swali lile lile kwa njia nyingine: amemtafuta mkosaji, akamkuta kaburini asipoweza kujitetea. Tukumbuke kwamba Bwana wetu aliulizwa habari kama hiyo, naye akataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Tukumbuke pia watoto wa Ayubu, ambao upepo mkubwa uliipiga nyumba yao ikawaangukia. Rafiki zake walifanya vema walipoketi kimya pamoja naye siku saba. Walikosea walipoanza kueleza sababu.

Hitimisho

Tumeona kwamba kimbunga cha Unguja kilifunua utumwa uliokuwa chini ya karafuu, na kwamba mvua ya mawe ya Mwakata ilifunua udhaifu wa ukuta wa mtu maskini katika ukanda wa dhahabu. Kutokana na hayo tunapenda kuwakumbusha watumishi wenzetu mambo matatu. Kwanza, majina ya waliokufa katika maafa yaandikwe katika vitabu vya usharika na kukumbukwa kila mwaka, maana idadi husahauliwa upesi. Pili, mchungaji atangulie kufika nyumbani kwa mwanamke mzee anayenong'onezewa kijijini, kabla hajafika mwenye panga. Tatu, kila usharika ujue mapema ni jengo lipi kijijini lenye msingi na linta, watu wapate kukimbilia, na mafundi wetu wafundishwe kufunga paa hata la kanisa la tofali bichi.

Dhoruba nyingine itakuja, kwa kuwa mawingu ya Shinyanga hayajabadili tabia. Itakapokuja usiku, mahubiri yetu ya Jumapili iliyotangulia yatapimwa kwa idadi ya kuta zitakazobaki zimesimama.