Kutoka Mnazi Mmoja hadi Magomeni

Atakaye kuvijua vitongoji vya Dar es Salaam na aanzie Mnazi Mmoja. Uwanja ule haukuachwa wazi kwa ajili ya kupunga upepo. Waingereza waliutenga ili Uswahilini kuwe mbali na Uhindini na Uzunguni.

Ng'ambo yake ndiko Kariakoo. Jina hilo tumelirithi kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Leo wauza vitunguu hulitaja jina lao kutwa, na ni wachache wajuao walitajalo. Humo humo Kariakoo, tarehe 7 Julai 1954, ndimo ilimozaliwa TANU.

Tukivuka bonde la Msimbazi pale Jangwani twafika Magomeni. Katika mtaa wa Ifunda ipo nyumba ya Mwalimu Nyerere, nyumba ya kawaida kabisa, ambayo sasa ni makumbusho. Nyumba za zamani za Kota zimekwisha kubomolewa. Maghorofa yaliyosimama mahali pake yalifunguliwa mwaka 2022, nayo yaitwa Kota vilevile.