Nani Humkumbuka Fundi wa Rada?

Tarehe 1 Juni 2025, sherehe za Madaraka zilifanyika Homa Bay, katika uwanja wa Raila Odinga. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1964, ndipo jeshi la anga la Kenya lilipoundwa. Siku kama hiyo macho yote huwa kwa rubani, na sawa, anastahili. Lakini ndege haitui kwa ujasiri wa rubani peke yake. Kuna mtu huko chini aliyesoma upepo, aliyehakikisha barometa inasema kweli, aliyebadilisha waya ulioliwa na kutu. Huyo hatumjui hata jina.

Kwa watu wa ziwani hili si jambo la vitabuni. Nam Lolwe ina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo ukatoka ziwani na kusukuma mawingu hadi Kisii na Kericho. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, upepo hushuka ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji, na kuelekea alfajiri radi huanza kunguruma. Saa hizo ndizo wavuvi wa omena kutoka Mbita na Sindo wako nje na taa zao. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili, wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na hali mbaya ya hewa ni mojawapo ya sababu kubwa.

Ndege nazo zilikutana na tabia hiyo mapema. Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza kuleta barua kutoka London hadi Mwanza, ikipitia Kisumu, sehemu ya safari kwa ndege zenye tumbo kama la mashua ambazo zilitua majini. Miaka miwili kabla ya hapo, 1929, Waingereza walikuwa wameanzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki chini ya Albert Walter, aliyetoka kazi kama hiyo kule Mauritius. Vita Vikuu vya Pili vilipofika, kazi ya idara hiyo ikawa kazi ya jeshi. Kujua kama kesho kuna wingu kukawa jambo la uhai na kifo.

Hebu tuondoke ziwani kidogo twende pwani, maana huko ndiko rada iliingilia Kenya. Mwaka 1940 Waitaliano walikuwa Somalia na Ethiopia, na ndege zao zilihofiwa. Wanajeshi wa Afrika Kusini wakaja kusimika rada Mambrui, kaskazini ya Malindi. Mtambo huo haukutoka Uingereza. Ulikuwa umeundwa Johannesburg, kwa sehemu kubwa kwa vipuri vya redio vilivyopatikana hukohuko, na mfano wake wa kwanza ulinasa mwangwi tarehe 16 Desemba 1939. Aliyeongoza kazi hiyo, Basil Schonland, kumbe alikuwa mtaalamu wa radi! Mtu aliyezoea kuchunguza umeme wa mawinguni ndiye aliyewafundisha askari kutafuta ndege kwa mawimbi ya redio.

Undugu huo haukuishia hapo. Wakati wa vita, askari waliokaa mbele ya rada katika nchi mbalimbali walisumbuliwa na mwangwi usio wa ndege. Ilikuwa mvua. Kwao ilikuwa kero, inaficha adui. Vita vilipokwisha, kero hiyohiyo ikawa taaluma: rada za jeshi zikageuzwa kuwa macho ya kutazama dhoruba. Rada za hali ya hewa za leo ni watoto wa mitambo ile.

Lakini mtambo hauishi wenyewe. Chukua kipimajoto kinachofungwa kitambaa chenye maji ili kupima unyevu wa hewa. Kitambaa kikikauka au kikishika uchafu, kipimo kinadanganya. Chukua barometa. Rubani hurekebisha kipimo chake cha kimo kwa namba anayopewa kutoka chini, na kosa la hektopaskali 1 tu ni kama mita 8 au 9 angani. Kosa la 10 ni karibu mita 90, na mlima hausogei kukupisha. Fundi akifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea. Ndege inatua, abiria wanalalamikia foleni ya mizigo, basi. Ndiyo maana hatumwoni: mafanikio yake ni kimya.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, 19 walikufa. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alikimbilia kuokoa watu, akasifiwa na kupewa kazi katika jeshi la zimamoto. Ilikuwa haki yake. Ila sisi hujua kumshukuru anayefika baada ya ajali. Anayezuia ajali isitokee hatujui tumshukuru siku gani, maana siku yake haina habari.

Medali ni nzuri, lakini heshima ya kwanza kwa fundi ni vipuri vifike kabla mtambo haujafa, na kijana afundishwe na mzee kabla mzee hajastaafu. Ya pili ni kuandika majina. Homa Bay na Migori kuna nyumba zenye mzee aliyetumikia jeshi au idara ya hali ya hewa, na wajukuu wanajua tu kwamba “alikuwa serikalini.” Muulizeni alikuwa anafanya nini hasa. Muulizeni usiku gani mtambo ulizimika, na aliuwasha vipi. Kisha mwandike, angali yupo.