Vitabu vya Sayansi na Jicho la Mwanachuo

Kitabu cha sayansi kinachosomwa Malolo, wilayani Kilosa, kina historia ndefu. Tangu mwaka 1991 wachapishaji binafsi waliruhusiwa kutoa vitabu vya kiada, na baadaye kamati ya serikali, EMAC, ikawa inaviidhinisha. Makosa hayakwisha. Mwaka 2013 mbunge James Mbatia aliyapigia kelele bungeni. Mwaka huohuo EMAC ikavunjwa, na baadaye uandishi ukarudi Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kwa kuwa makosa yanaweza kubaki hata vitabu viandikwe na nani, vinahitaji kuhakikiwa, na kazi hiyo inamfaa zaidi mwanachuo wa sayansi, mwalimu wa kesho. Akiweka utando wa kitunguu, zao linalolimwa Malolo, chini ya hadubini, kisha akalinganisha seli na mchoro wa kitabuni, anajifunza biolojia zaidi kuliko anayekariri. Vyuo vya ualimu viupe uhakiki huu nafasi darasani.